Prufu Inayovuka Ziwa: Uanagenzi wa Michoro kwa Mbali, Kutoka Unguja hadi Idjwi

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo linaloonekana kuwa geni katika vyuo vyetu vya umma: staji ya usanifu wa michoro inayofanywa kwa mbali, ambapo mwanagenzi yuko kisiwani na msimamizi wake yuko mjini, na kazi inasafiri baina yao kwa intaneti. Wenzetu kadhaa wamelipokea jambo hili kwa mashaka. Wanasema kwamba kazi ya mkono haifundishwi kwa barua, na kwamba mwanagenzi asiyekaa karibu na fundi wake hupata cheti tu, wala si ufundi.

Hoja hiyo ina uzito, nasi hatukusudii kuipuuza. Hata hivyo, tunaamini kwamba imeuweka mkazo mahali pasipostahili. Tukiichunguza historia ya maandishi na michoro iliyochapwa katika Kiswahili tutaona kwamba umbali umekuwamo tangu mwanzo. Jambo lililotofautisha kazi njema na kazi mbaya halikuwa urefu wa safari, bali ni kama prufu ilirudi: yaani kama kazi iliyochorwa upande mmoja ilipelekwa kusomwa na wale wanaoijua upande wa pili, na kama masahihisho yao yalipokelewa.

Kabla ya kuendelea inafaa tueleze istilahi mbili. Neno staji tumelitoa katika Kifaransa, na ndilo linalotumika kila siku katika ofisi na vyuo vya Kongo. Kiswahili kina neno la kale zaidi, mwanagenzi, lenye maana ya mtu anayeanza kujifunza kazi, na kutokana nalo tunapata uanagenzi. Katika makala haya staji ni utaratibu wa chuo, wenye tarehe, fomu na alama. Uanagenzi ni uhusiano wa kujifunza baina ya fundi na mwanafunzi wake. Staji yaweza kuwapo bila uanagenzi, na hilo ndilo linalohofiwa na wenzetu.

2. Mchoro usiosahihishwa: Brussels, 1910

Tuanze na mchoro mmoja ambao wakazi wa Idjwi wanaishi ndani yake hadi leo. Mwaka 1910 wajumbe wa Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza walikutana Brussels ili kumaliza ugomvi wao juu ya mipaka ya eneo la Kivu. Kwa upande wetu, matokeo yake yalikuwa mstari uliopitishwa katikati ya ziwa, ukakiweka kisiwa cha Idjwi upande wa Kongo na ng'ambo ya mashariki upande wa Rwanda, iliyokuwa chini ya Wajerumani. Kisiwa hicho kilikuwa na wafalme wake, na watu wake walikuwa na ndugu na biashara katika pande zote mbili za maji. Hawakuitwa kuisoma ramani hiyo kabla haijatiwa sahihi.

Uzito wa mstari huo haukuchelewa kuonekana. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, majeshi ya Wajerumani yalikiteka kisiwa mnamo Septemba 1914, nao wakakishikilia hadi mwaka 1916. Hivyo mkulima wa Idjwi alijikuta vitani kwa sababu ya mchoro uliotengenezwa mbali na yeye.

Hata jina lenyewe lina alama ya kalamu ya mgeni. Tahajia Idjwi, yenye herufi dj, iliandikwa kwa ajili ya jicho lililozoea Kifaransa. Mwandishi wa Kihavu au wa Kiswahili angetosheka na Ijwi. Sisi tunaifuata tahajia ya serikali kwa kuwa ndiyo iliyoenea, lakini tunaikumbusha hapa kwa sababu inaonyesha kwamba mchoraji wa mbali huacha alama yake hata katika mambo madogo, iwapo hakuna wa kumsahihisha.

Ifahamike kwamba kosa la mwaka 1910 halikuwa umbali peke yake. Ramani ingeweza kuchorwa Brussels na bado ikavuka bahari kuja kusomwa na wenye ziwa. Haikuvuka.

3. Chumba cha chapa cha Unguja

Mfano wa pili unatoka pwani. Mnamo Agosti 1864 Askofu William Tozer na Dakta Edward Steere wa misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza walifika Unguja. Miongoni mwa vyombo vyao ilikuwamo mashine ndogo ya kupigia chapa, na Steere alikuwa ameijua kazi hiyo tangu ujana wake. Baadhi ya wavulana waliookolewa katika majahazi ya watumwa, ambao misheni iliwapokea, walifundishwa kupanga herufi za risasi na kupiga chapa. Kwa kadiri tujuavyo, hao ni miongoni mwa wanagenzi wa kwanza wa usanifu wa kurasa za Kiswahili katika herufi za Kilatini.

Uhusiano wao na fundi wao una jambo la kuzingatiwa. Steere aliijua mashine, lakini lugha alikuwa akijifunza. Wavulana, ingawa wengi wao hawakuzaliwa Unguja, waliishi katika mji uliosema Kiswahili na wakakisikia kila siku. Katika chumba kama hicho prufu haikuwa na safari ndefu: karatasi iliyotoka mashinani ingeweza kusomwa kwa sauti siku ile ile, na kosa kuonekana na yeyote mwenye sikio.

Mambo yalikuwa tofauti kitabu kilipochapwa Ulaya. Mwaka 1870 Steere alitoa London kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili, na mwaka huo huo mkusanyo wake wa hadithi za Unguja. Tukiangalia alikokuwa mwenyewe wakati huo, tunaona kwamba alikuwa Uingereza tangu mwaka 1868, wala hakurejea Unguja hadi mwaka 1872. Kwa maneno mengine, mwandishi alikuwa upande ule ule wa bahari na wapiga chapa wake, akiweza kuzisoma prufu kabla hazijawa kitabu. Wasimulizi wa hadithi zile, hata hivyo, walibaki ng'ambo.

Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alilitatua tatizo hilo kwa njia yake. Alipotaka kuchapa vitabu vya Kiarabu, hasa vya fikihi ya Kiibadhi, alileta mashine pamoja na mafundi kutoka nchi za Sham. Yeye aliuondoa umbali kwa mali. Njia hiyo yafaa kwa sultani. Chuo cha umma chenye bajeti ndogo hakina budi kutafuta nyingine.

4. Masahihisho kwa posta

Njia nyingine ilipatikana katika karne iliyofuata. Baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu, Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ilianza kazi mwaka 1930. Ilihudumia nchi nne: Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Makao yake yalikuwa kwanza Dar es Salaam, yakahamia Nairobi mwaka 1942, kisha Makerere mwaka 1952.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kazi ya bahasha. Miswada ilipelekwa kwa Kamati, ikapitiwa na wasomaji, na mwandishi akarudishiwa maoni na masahihisho. Tunaweza kuibishania Kamati kwa mengi, na wenzetu wengi wameandika juu ya ukali wake na juu ya lahaja zilizopuuzwa. Lakini kwa hoja yetu ya leo Kamati ni ushahidi muhimu: kwa miaka mingi usanifishaji wa tahajia ya Kiswahili ulifanywa na watu ambao wengi wao hawakukaa chumba kimoja.

Aidha, tusisahau ni nani aliyekuwa nje ya mzunguko huo. Kongo ya Wabelgiji haikuwa miongoni mwa zile nchi nne. Bahasha za Kamati zilizunguka kati ya pwani na maziwa ya mashariki, lakini Kivu haikuwa na kiti katika shughuli hiyo.

5. Kongo: shule ya mbali na mashine ya rono

Katika Kongo yenyewe elimu ya sanaa na michoro ilijengwa katika vituo vichache. Mwaka 1943 mtawa wa Kibelgiji, Bruda Marc Wallenda, alianzisha shule ya Saint-Luc huko Gombe-Matadi, katika Kongo ya Chini. Shule hiyo ilihamishiwa Léopoldville mwaka 1949, na mwaka 1957 ikapewa jina la Académie des Beaux-Arts. Huko Elisabethville, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake mwaka 1946, ambamo wachoraji kama Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga walijipatia sifa. Katika shule na katika karakana, sharti lilikuwa moja: mwanafunzi aende aliko mwalimu.

Kwa kijana wa Kivu sharti hilo ni zito. Kutoka Bukavu hadi Kinshasa ni kiasi cha kilomita 1,500 kwa mstari ulionyooka, na hakuna barabara ya kutegemewa inayoiunganisha miji hiyo miwili. Safari ni ya ndege, na nauli ya ndege ni fedha ambayo familia ya mvuvi au ya mkulima haina. Hivyo kusema kwamba usanifu wa michoro ufundishwe ana kwa ana tu ni sawa na kusema kwamba vijana wengi wa Idjwi wasiusome.

Upo, hata hivyo, mfano wa Kikongo unaotuonya tusiyasifu masahihisho kupita kiasi. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, aliandika historia ya mji wa Elisabethville katika Kiswahili cha Katanga. Maandishi hayo yalipigwa taipu na kutolewa nakala kwa mashine ya rono. Hakuna kamati iliyoyapitia. Maneno yameunganishwa na kutenganishwa kwa namna ambayo mwalimu wa shule angeitilia alama nyekundu katika kila mstari. Johannes Fabian alipoyachapisha mwaka 1990 pamoja na uchambuzi wake, wanaisimu walipata hazina ambayo mhariri wa mbali, asiyekijua Kiswahili cha Katanga, angeweza kuiharibu kwa nia njema kabisa.

Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba prufu irudi. Ni lazima tuulize pia inasomwa na nani, na kama anayesomewa ana haki ya kukataa. Sahihisho linalokwenda upande mmoja tu, kutoka mjini kwenda kisiwani, lina hatari ya kuirudia ramani ya mwaka 1910.

6. Idjwi na waya usioonekana

Idjwi ni miongoni mwa visiwa vikubwa vya maziwa ya Afrika. Wakazi wake walio wengi ni Wahavu, wakulima wa migomba, mihogo, maharagwe na kahawa. Usafiri wao ni mtumbwi na boti. Kwa muda mrefu barua ya kwenda Bukavu au Goma ilimngoja msafiri.

Mwaka 2016 mradi wa jamii ulioitwa Pamoja Net ulileta intaneti kisiwani, kufuatia ombi la mwami. Jambo la kupendeza ni kwamba miongoni mwa waliousaidia mradi huo ilikuwamo kampuni ya usanifu, Fjord. Hatudai kwamba mradi mmoja ulibadilisha maisha ya kisiwa kizima. Tunasema tu kwamba kuanzia hapo wazo la mtu kuwa Idjwi na kazi yake kuwa kwingine lilipata mahali pa kusimama.

Waya huu usioonekana, hata hivyo, unashikwa na mikono mingine. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 serikali ilikata intaneti nchini, na haikurudishwa hadi Januari 2019 ilipokaribia theluthi yake ya mwisho. Mnamo Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya Uviko-19, na wengi wetu tukagundua siku hiyo kwamba hatukuwa na njia yoyote ya kufundisha kwa mbali. Mwaka 2025, Goma ilipotekwa na M23 mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari, safari za boti ziwani zilisimama kwa muda. Yeyote anayepanga staji ya mbali bila kuyakumbuka mambo haya anaipanga juu ya karatasi tu.

7. Staji moja na mabango mawili

Tutoe sasa ushahidi wa karibu zaidi. Mwandishi wa makala haya alipewa jukumu la kusimamia upande wa lugha katika staji ya mwanafunzi mmoja anayeishi Idjwi, iliyofanywa katika chuo kimoja cha umma. Kazi yake ya kwanza ilikuwa bango la kuwaelimisha wakulima juu ya mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria ulioonekana mashariki mwa Kongo mwaka 2001 na ambao umeziumiza familia nyingi zinazoitegemea ndizi kwa chakula na kwa kasiksi.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Sisi tulimpelekea maandishi, yeye akaleta bango la ukubwa wa A3 lenye picha nzito. Faili ilishindwa kupita, tukangoja siku tatu. Ilipofika, tuliona mambo mawili. Kwanza, programu ya kupangia kurasa ilikuwa imewekwa katika Kifaransa, nayo ilikata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za lugha hiyo: nyum-ba, kam-ba, shin-da. Mwanafunzi yeyote wa isimu anajua kwamba silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu, na kwamba mkato ufaao ni nyu-mba, ka-mba, shi-nda. Pili, ritifaa ilikuwa imepotea. Kichwa cha bango, kilichopaswa kuwaagiza wakulima wang'oe, kilisomeka "Ngoa". Kwa Kiswahili ngoa ni wivu au tamaa. Alama moja ndogo kuliko punje ya mtama ilikuwa imeligeuza agizo la kilimo kuwa habari ya mapenzi.

Tulimrudishia masahihisho kwa maandishi, mstari kwa mstari, pamoja na sababu ya kila moja. Hapo ndipo staji ilipoanza kuwa uanagenzi, na kwa namna ambayo hatukuitarajia. Mwanagenzi alijibu kwamba ritifaa ameirudisha, lakini neno lenyewe halifai. Alikuwa amewauliza majirani zake wakulima, nao wakamwambia kwamba kung'oa shina zima na mizizi yake kunachosha, tena huiacha familia bila kitu, na kwamba mabwana shamba waliopita kisiwani walifundisha kulikata shina lililougua peke yake, usawa wa ardhi, na kulisafisha panga kwa moto kabla ya kuligusa jingine. Tulipowauliza wenzetu wa kilimo walikiri kwamba njia hiyo ya kuondoa shina moja moja ndiyo inayopendekezwa sasa. Maandishi yetu, yaliyotoka mjini yakiwa na mhuri, yalikuwa ya zamani. Neno likawa "Kata".

Aliongeza jambo jingine. Mgomba tulioutuma uwe kielelezo ulikuwa umenakiliwa kutoka katika kitabu cha kigeni, na haukuonyesha ua la kiume linaloning'inia chini ya mkungu, ambalo mkulima anapaswa kuliondoa kwa mti wenye panda. Aliuchora upya akitazama shamba la kwao. Safari hii alitumia michoro ya vekta, inayohifadhiwa kama mistari na vipimo badala ya nukta, na faili ikawa nyepesi kiasi cha kupita hata jioni ambapo mtandao ulikuwa dhaifu.

Prufu ilivuka ziwa mara nne. Bango la pili, juu ya maji ya kunywa, lilivuka mara mbili tu.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba umbali hauharibu uanagenzi kwa lazima. Ramani ya 1910 iliumiza kwa sababu haikurudi kusomwa. Kamati ya 1930 ilifanya kazi kubwa kwa sababu bahasha zilirudi, ingawa si kwa kila mtu. Maandishi ya Yav yanatukumbusha kwamba msomaji wa upande wa pili ana maarifa ambayo mhariri hana. Staji yetu ndogo haithibitishi kanuni, lakini inaelekea upande huo huo.

Kwa vyuo vya umma vinavyofikiria kuanzisha staji za namna hii, tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, mkataba wa staji utaje idadi ya prufu zitakazopelekwa na kurudishwa, pamoja na muda wa kujibu, badala ya kuhesabu saa ambazo hakuna anayeziona. La pili, uwepo mpango wa siku ambazo intaneti imekatwa: nakala za karatasi, kadi ya kumbukumbu ya kupelekwa kwa boti, na ruhusa ya kuchelewa bila kupoteza alama. La tatu, masahihisho ya mwanagenzi kwa chuo yaandikwe katika ripoti sawasawa na masahihisho ya chuo kwa mwanagenzi, na jina lake lichapwe chini ya kazi yake. Majina ya wavulana waliopanga herufi Unguja ni machache mno katika vitabu walivyovipiga chapa, na hatuoni sababu ya kuurithi ukimya huo.

Jambo moja halijatatuliwa. Ripoti ya staji yetu ilidai sahihi ya msimamizi juu ya fomu ya "mahudhurio". Mwanagenzi hakuhudhuria hata siku moja, na kazi yake imebandikwa gatini. Tuliitia sahihi fomu hiyo, lakini tungependa kusikia kutoka kwa wenzetu ni neno gani la Kiswahili lingefaa kuchukua mahali pa lile lililoandikwa juu yake.